Mashine ya risasi ya Baba Neema

Leo nimekataa kuiamini mashine ya mume wangu.

Baba Neema hushindana kulenga shabaha, na risasi anajitengenezea kwenye gereji yetu hapa Rooty Hill. Tatizo, mashine ya kuzijaza baruti ilikuwa inaipunja. Risasi ya hivyo hukwama kwenye mtutu, na inayofuata inaweza kumlipukia usoni.

Asubuhi kaifungia springi mpya, katoka anatabasamu.

"Sasa haikosei, Mama Neema."

Mimi ni nesi. Neno "haikosei" silipendi.

"Pima risasi kumi nikiona."

Tisa zilikuwa sawa.

Ya kumi ilikuwa nyepesi.

Akaipima tena. Kisha akavuta kiti, akaanza kuzifungua risasi zote alizojaza leo, moja moja.

Nimempelekea chai, lile "haikosei" sijamkumbusha.

Nyinyi mngenyamaza kweli?