Mwalimu Mkuu Aliniambia Niketi

Kwaya ya shule ilirudi kutoka mashindano ya mkoa na kikombe ambacho ungeweza kumwogeshea mtoto mchanga, na msichana wangu ndiye aliyekileta. Sijisifu. Mwalimu mkuu mwenyewe alisema hivyo kwenye kipaza sauti, mbele ya wazazi wote, muda mfupi kabla hajaniambia niketi chini.

Wimbo ulikuwa wa kienyeji, wa Kijaluo, na utamu wake ulikuwa katikati. Ngoma imechacha, njuga zinalia miguuni, mara anatokea bibi kizee mwenye mgongo wa upinde, anainua mkono, anatupa sarafu chini, na kila kitu kinanyamaza kimya. Hapo bibi anawasifu watu wake. Akimaliza, ngoma inaruka tena kama iliyochomwa na kaa la moto. Bibi kizee huyo alikuwa msichana wangu wa darasa la sita.

Sisi tunaiita pakruok. Kwetu, kwenye arusi, kwenye matanga, hata kwenye pombe, mtu ana haki ya kusimamisha muziki, atoe chochote alicho nacho, ajisifu au amsifu mwenzake. Humtaji kwa jina. Unamtaja kwa alikozaliwa na kwa yale anayoyaweza. Na anayesifiwa hakai. Ukikaa baada ya kusifiwa umemtemea mate aliyekusifu. Unasimama, unatoa chako, unajibu. Nyanya yangu, miguu ikiwa imeshamkataa, alinyanyuliwa makwapani huku na huku ili ajibu.

Mwalimu wa muziki alikuwa msichana mdogo tu, ametoka chuoni juzi, si wa huku. Sauti aliwafundisha vizuri, siwezi kumnyima hilo. Lakini bibi kizee alitoka kwangu, katika chumba chetu cha kupanga pale Migosi. Tulitoa jiko na viti nje ili apate nafasi ya kuzunguka. Nilimfunga mto mgongoni. Nilimwonyesha jinsi ya kupinda kiuno bila kupinda shingo, na kwamba mkono huinuliwa kwanza, ndipo sarafu itupwe, kwa sababu anayetupa kabla ya kuinua mkono ni mlevi.

"Na nisifu nani?" akaniuliza.

"Usifu nani? Chifu? Sifu mama yako!"

Alicheka mpaka akaanguka kitandani na mto wake mgongoni kama kobe.

Tukatunga pamoja. Mimi nilizaliwa Kisian, na sokoni Kibuye ninakouza nguo za mitumba hakuna anayeniita vingine ila nyar Kisian, binti wa Kisian. Akalichukua hilo. Akaongeza kwamba ninafungua robota la mitumba kwa meno, jambo ambalo nimelifanya mara moja tu, na lilinivunja jino. Mstari wa mwisho ulikuwa wake mwenyewe, sikumsaidia hata neno: *Mvua ya Kibuye ilimkuta amesimama, ikamwacha amesimama.* Aliposema hivyo nilijifanya natoka kuangalia kama maji yamechemka.

Lazima niseme kwa nini lilinigusa hivyo. Mara ya mwisho shule kunisimamisha mbele ya watu, nilikuwa kidato cha nne na tumbo lilikuwa limeanza kukataa sketi. Mwalimu wa zamu aliniita mbele paredi ya asubuhi, akaniweka pale nitazamwe, kisha akaniambia nikachukue sanduku langu. Mtihani niliufanya nikitokea nyumbani. Aliyekuwa tumboni ndiye huyu wa njuga. Kwa hiyo niliposikia kwamba kutakuwa na siku ya wazazi, kwamba kwaya itaimba kikombe kikiwa mezani, nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka shule inisimamishe mara moja kwa wema, na mtoto huyo huyo akiwa ndiye sababu.

Sokoni nilitangaza. Karibu nibandike kwenye mti. Jirani yangu wa kibanda, mwanamke wa Kiislamu ambaye baba yake alitoka pwani na mama yake ni wa hapa hapa, alinisikiliza huku akikunja suruali.

"Atakusifu mbele ya watu wote hao?"

"Mbele ya mgeni wa heshima."

"Na wewe utafanya nini, mwenzangu?"

"Nitasimama. Kwani nimelemaa?"

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye patipati. "Ukienda na leso hiyo iliyopauka watadhani umekuja kupiga deki. Shika yangu. Na ukiirudisha na mchuzi, mimi na wewe basi."

Siku yenyewe jua halikuwa na huruma. Wageni walikaa chini ya hema, kwenye viti vilivyoazimwa kanisani, na soda mbele yao. Wazazi wenye kazi za ofisini walikuja na miavuli. Sisi wengine tulipewa madawati ya darasa la kwanza, magoti yakagusa kidevu. Mwalimu mkuu akasoma habari za shule: darasa la tatu limepata mabati, wasichana wa netiboli wamefika wilaya, mwalimu wa hesabu amepandishwa cheo, choo cha wavulana kitachimbwa upya. Tukapigia makofi kila kitu, hata choo.

Kisha akafika kwenye kikombe. Akakiinua. Akasema waamuzi walimwambia kwamba sauti zilikuwa nzuri kwa shule zote, lakini kilichowapa wetu ushindi ni yule bibi kizee anayesimamisha ngoma. "Ule ni utamaduni wetu!" akasema. "Tusiuache upotee!" Mgeni wa heshima akatikisa kichwa kukubali. Mimi nikakaza leso ya watu.

Kwaya ikaingia. Sitaieleza yote. Nilikuwa nangoja mahali pamoja tu, na nilipapata: bibi kizee akajikokota katikati, mgongo upinde, shingo wima kama nilivyomfundisha. Mkono juu. Sarafu chini. Kimya. Akasema kwa Kijaluo, na Kijaluo kina utamu ambao siwezi kuuvusha wote: "Mimi ni wa nyar Kisian! Afunguaye robota kwa meno! Mvua ya Kibuye ilimkuta amesimama, ikamwacha amesimama!"

Nikasimama.

Sikufikiri. Hapa watu huniuliza, ulifikiri nini? Sikufikiri, kama vile mtu akiitwa hafikiri kuitika. Nilipita katikati ya madawati, nikainua mkono, nikatupa sarafu yangu karibu na yake, nikasema, na sauti yangu si ya kunong'ona: "Nani ameita nyar Kisian? Nipo! Mimi ndiye mama wa msichana ambaye akiimba samaki wanatoa vichwa majini wasikilize! Piga ngoma, niko hapa!"

Mpiga ngoma, mtoto wa watu, hakujua afanye nini. Aligonga mara moja, akaacha. Mwalimu wa muziki alikuwa ameweka mkono mdomoni. Ndipo nikasikia kicheko. Kilianzia kwenye miavuli, kikaja kwenye madawati, kikafika kwa watoto, na watoto wakicheka hakuna wa kuwazima.

Mwalimu mkuu akavuta kipaza sauti. "Mama. Mama! Hapa ni shule, si kilabu cha pombe. Hebu keti chini."

"Nimesifiwa, Mwalimu," nikamwambia. "Najibu."

"Huo ni mchezo wa watoto, mama. Hakuna aliyekuita. Keti." Halafu akamgeukia mgeni wa heshima, akamwambia kwa Kiingereza kwamba hawa akina mama wa sokoni inabidi kuwavumilia. Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni. Mimi nilifika kidato cha nne. Kiingereza chake nilikisikia chote, na makosa yake mawili.

Ningeweza kumjibu. Maneno nilikuwa nayo, Mungu anajua, ya lugha tatu. Lakini nilimtazama bibi kizee wangu. Mgongo ulikuwa umenyooka. Mto ulikuwa umeteleza ukaning'inia kando kama ugonjwa. Alikuwa anatazama njuga zake.

"Na wewe mtoto," mwalimu mkuu akasema, "mrudishie mama pesa yake aende nayo sokoni."

Wakacheka tena. Akaokota sarafu. Akanijia, njuga zikilia kila hatua, maana njuga haziwezi kutembea kimya, akapiga goti kidogo kama anavyompigia mgeni, akaniwekea mkononi. "Shika, mama," akasema. Kila mwanamke pale aliitwa mama. Majigambo yangu waliyachukua kama ya mlevi, hakuna aliyejua kwamba ni wangu kweli, na yeye hakuwaambia. Nami sikuwaambia.

Nikarudi kwenye dawati la darasa la kwanza. Uso uliwaka mpaka nikadhani nina malaria. Mwanamke wa kando yangu akasogea, dawati likabaki na nafasi ya mtu mzima katikati yetu.

"Tutaanza upya," mwalimu mkuu akatangaza, "kwa heshima ya wageni wetu." Mwalimu wa muziki akainama, akamnong'oneza msichana wangu kitu, akamfunga mto. Ngoma ikaanza.

Safari hii sikutaka pale mahali pafike, na palifika upesi. Mgongo upinde. Mkono juu. Sarafu chini. Akasema: "Mimi ni wa mwalimu mkuu! Ang'oaye ujinga kama magugu! Akikohoa ofisini, darasa la nane linapita mtihani!"

Yawa, walivyopiga makofi! Na mwalimu mkuu, ninaapa, mwalimu mkuu alisimama. Alisimama, akatoa leso ya mfukoni akaipunga juu, akatembea mpaka katikati kwa madaha, akatupa sarafu, akamjibu kwa Kijaluo cha kwao, kirefu, na ngoma ikamsindikiza kurudi kitini. Hakuna aliyemwambia aketi. Mgeni wa heshima alimpa mkono.

Tulirudi kupitia Kibuye kwa sababu ilinibidi nirudishe leso. Msichana alibeba njuga kwenye mfuko wa plastiki. Jirani alikuwa anafunga kibanda. Alituona kwa mbali, akapiga kigelegele.

"Haya, nipe habari! Kakusifu?"

"Alinisifu," nikasema.

"Ukasimama?"

"Nikasimama."

"Nilijua! Na leso je, haikuniangusha?"

Nikamwambia haikumwangusha. Msichana alikuwa amesimama nyuma yangu, ananisikia, na kila neno nililosema lilikuwa kweli.

Nyumbani hakula. Aliosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Mwishowe nikamwuliza kama mwalimu wake ndiye aliyemwambia amsifu yule mwanamume.

"Hapana," akasema bila kugeuka. "Mwalimu alisema tu niseme kitu kingine, nisikuseme wewe. Mwalimu mkuu nilimtoa kichwani mwangu."

Nilitaka kukasirika, na hasira ninayo, ninayo ya kugawia mtaa mzima. Haikumfikia yeye. Alikuwa ametafuta mtu ambaye hakuna atakayemcheka. Mtoto wa darasa la sita alilijua hilo mapema kuliko mimi.

"Mama."

"Sema."

"Siku ya kufunga shule tutaimba tena. Utakuja?"

"Nitakuja."

"Utakaa?"

Nilimjibu haraka, kama mtoto aliyeona fimbo. "Nitakaa," nikasema.

Nimeulizwa kama naona haya kwamba nilisimama. Kusimama sioni haya, hata kesho nitasimama, na mwalimu mkuu yule nikikutana naye stendi ya Kisian nitamwambia makosa yake mawili ya Kiingereza. Haya yangu ni ya siku ya kufunga shule. Nilivaa leso yangu mwenyewe, iliyopauka. Nilikaa mstari wa nyuma. Wageni hawakuwapo, mwalimu mkuu alikuwa ameenda mkutano, wazazi walikuwa wachache, na kwaya iliimba kama watu walio kwao. Bibi kizee akatoka, akainua mkono, akatupa sarafu.

"Mimi ni wa nyar Kisian," akasema. Yote. Robota, meno, mvua ya Kibuye. Hakuacha neno. Halafu, badala ya kuruhusu ngoma, akabaki amepinda mgongo, mkono bado uko juu, macho yakitafuta mstari wa nyuma. Mpiga ngoma alishika vijiti hewani. Walikuwa wananingoja.

Nilikuwa nimeahidi. Niliweka mikono chini ya mapaja, nikakaa.