Mlima wa Aurelia Usio na Ngoro

Pale steshenari kwetu Mbinga mjini, fundi wa mandhari za slaidi ni Aurelia. Mimi ni wa fotokopi tu. Mpe pembetatu tatu, mstatili mmoja na duara moja, atakupa milima yetu na ziwa la Mbamba Bay: mlima wa mbali rangi hafifu, wa karibu kijani kilichokolea, jua la duara limejificha nusu nyuma yake. "Kitu cha nyuma kisipige kelele," husema. Anaringa, na kwa kazi ile ana haki ya kuringa.

Mwaka juzi shangazi yake, Hilda, aliteremka kutoka Ukata. Kuna wafadhili waliokuwa wakitafuta kijiji kinachoshikilia bado ngoro, yale mashimo ya miraba ya mteremkoni yanayozuia udongo usiondoke na mvua, wakilipie vibarua wa kuyafufua. Shangazi ni mjane. Mteremko wake ulikuwa unamomonyoka kila mwaka, na peke yake hakuuweza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nitengenezee picha za ukutani za kuwaonyesha wafadhili. Kusema nitasema mwenyewe."

Aurelia akaifanya kazi kwa moyo. Kwenye mlima wa mbele akalaza michirizi iliyonyooka, mmoja juu ya mwingine, ikapendeza kweli. Nikamuuliza ngoro ziko wapi. Akacheka.

"Nani asiyejua ngoro? Miraba yote ile ingechafua picha."

Binti aliyekua akifukia majani ya ngoro kwa jembe la mama yake! Ndivyo tulivyo, cha kila siku hatukioni.

Siku ya mkutano na wafadhili nilikuwepo, nilibeba projekta. Shangazi alisimama mbele ya mlima ule akaeleza jinsi majani yanavyolazwa kwa miraba, yakafunikwa kwa udongo, shimo likabaki katikati kushika maji. Mgeni mkuu alisikiliza kwa adabu, macho yake yakiwa ukutani.

"Mama, kwa michirizi hii naona mmeshaacha ngoro, mmehamia kwenye matuta."

"Hapana, baba. Hiyo ni picha tu."

"Si picha ya kwenu?"

Shangazi akaugeukia ukuta, kisha akamtazama Aurelia aliyekuwa kwenye kompyuta. Ingetosha Aurelia aseme, "Nimechora mimi, nimekosea." Badala yake, kwa aibu, akabonyeza slaidi iliyofuata. Mlima ulikuwa ule ule.

Msaada ulikwenda kata nyingine. Msimu uliofuata mvua ililiteremsha shamba la shangazi mpaka mtoni, mahindi na udongo wake. Hakumlaumu mtu. Sasa yuko kwa mwanawe Mbamba Bay, anawaanikia watu usipa, dagaa wa ziwani.

Namkasirikia Aurelia, na namhurumia pia. Siku hizi hata slaidi za kipaimara anaziwekea ngoro, na kila shimo analichora upya, hanakili. Juzi alimtumia shangazi moja kwenye simu. Jibu halikuchelewa.

"Nzuri, mwanangu. Hii ndiyo ingefaa siku ile."