Mapigo Kumi na Moja ya Kimya

Siku hiyo kwaya ya watu arobaini ilinyamaza katikati ya wimbo, ikainamisha vichwa, na ukumbi mzima ukashika adabu.

Mimi peke yangu ndiye niliyejua kuwa wanaiheshimu sufuria ya maharagi.

Usicheke kwanza. Tulia nikupe mkasa.

Mwaka 1992 nilikuwa mwanafunzi wa muziki hapa Lubumbashi, mwaka wa mwisho. Utafiti wangu ulihusu wimbo mmoja tu. Bibi yangu, Kaku Ntumba, aliutunga mwenyewe alipomzika mtoto wake wa kwanza.

Nilimrekodi jikoni, kwa kaseti. Kisha nikauandika kwa nota, majuma matatu, kaseti ikienda mbele na kurudi nyuma hadi majirani wakalalamika.

Katikati kuna mahali Kaku anakatiza kuimba. Nikahesabu: mapigo kumi na moja. Nikayaandika kama kimya, nikajisemea maelezo yake nitayaweka mwisho.

Daftari nikampa msimamizi wangu, Adalbert, asahihishe. Nakala ya pili sikuwa nayo.

Halafu mji ukachafuka. Sisi wenye asili ya jimbo la Kasai tukaitwa wadudu, tukaambiwa turudi kwetu. Kwetu wapi? Mimi nimezaliwa Lubumbashi, na mama yangu pia.

Nikamkimbilia Adalbert.

"Prof, nipe kazi yangu. Kesho tunaenda na treni."

"Mutoto, unawaza mémoire yako ya masomo wakati bantu banakufa? Enda. Nitakuchungia hiyo daftari."

Nikamwamini. Hata asante nikamwambia, mjinga mimi.

Kaku hakufika. Alifia ndani ya behewa, tukamzika kando ya reli bila hata msalaba. Nikabaki na kaseti, nimeifunga kwenye kikwembe kiunoni.

Miaka mitatu baadaye nikarudi. Katikati ya mji nikakuta tangazo ukutani: mhadhara na tamasha la Profesa Adalbert, kuhusu wimbo alioukusanya mwenyewe huko kijijini Mitwaba. Chini yake wameandika ubeti wa kwanza.

Ubeti wa Kaku. Damu ikanipanda mpaka masikioni.

Donat, niliyesoma naye, akajaribu kunituliza.

"Umuongeleshe polepole, Hortense. Pengine atakupa hata kazi."

"Kazi ya nini? Mi nataka apate haya mbele ya bantu!"

Basi. Nikaazima radio kaseti ya Donat. Betri zilikuwa zimechoka, nikazianika juani asubuhi nzima.

Siku ya tamasha kwaya iliimba vizuri, nakiri. Ilipofika kwenye kimya, vichwa vyote chini. Wimbo ulipoisha Adalbert akasogea mbele, mkono kifuani.

"Hii kimya," akasema, "ni pumzi ya bankambo, bazee betu ba zamani. Muzee wa Mitwaba alinielezea na machozi. Mapigo kumi na moja, kwa vizazi kumi na moja."

Makofi. Kuna mama mmoja alifuta machozi, jamani.

Nikasimama na radio yangu.

"Prof, huyo muzee iko na sauti ya mwanamuke?"

Sikungoja jibu. Nikabonyeza.

Sauti ya Kaku ikajaa ukumbi. Wimbo uleule, nota kwa nota. Adalbert akanitambua. Halafu Kaku akakatiza, na ndani ya kile kimya kitakatifu cha Prof tukasikia wote:

"Hortense eee! Maharagi iko inaungua! Acha kwanza hiyo radio yako, toa sufuria!"

Kifuniko cha sufuria kikasikika kikianguka chini. Kaku akacheka, akaendelea kuimba.

Ukumbi ulilipuka. Waimbaji wenyewe walishikana mabega wasianguke.

"Pumzi ya bankambo!" mtu akapaza sauti huko nyuma. "Inanuka moshi!"

Adalbert akakusanya karatasi zake, zikamdondoka, akaziacha palepale na kutokomea mlango wa nyuma. Mimi nikimwangalia tu. Nasema kweli, raha ile sijawahi kuipata hata kanisani.

Ndipo radio ikaanza kukoroma.

Sauti ya Kaku ikawa nzito, ikawa kama ya mwanamume, ikakatika. Nikafungua. Mashine ilikuwa imemeza ule utepe. Kila nikivuta, unatoka umekunjamana, vipande vipande.

Donat alijaribu kuuunga kwa rangi ya kucha. Haukusema tena.

Miaka mitatu nililala na kaseti ile kiunoni, nikapanga neno kwa neno jinsi nitakavyomuumbua mwizi. Kupiga kopi moja tu, sikukumbuka.

Nikapanda jukwaani, nikaokota nota alizoacha. Ndizo pekee zilizobaki za wimbo wa Kaku, na zote ni mwandiko wa Adalbert. Nikakata jina lake kwa kalamu, nikaandika Ntumba. Nikalia sana, sitaficha.

Leo nafundisha kwaya yangu wimbo huo. Wakifika kwenye mapigo kumi na moja, hakuna kuinamisha kichwa. Mmoja lazima aite kwa nguvu: "Hortense eee! Maharagi!" Wageni hushangaa, na mimi huwa nageuka, kana kwamba jiko la Kaku liko nyuma yangu.

Adalbert sijamsamehe, wala sina mpango huo. Lakini wewe uliyedhulumiwa, unayenoa kisu chako taratibu, sikia neno la dada yako: kabla hujamwaibisha adui, hakikisha unachompigia nacho hakitavunjika mkononi mwako.