Waliponilaza Sakafuni

Majirani zangu wa Katindiuka wananijua. Nililima mpunga na mume wangu miaka mingi, nikajitwika mzigo bila kuhema. Habari za ugonjwa wa moyo sikuzijua mpaka ulipomuua yeye, katikati ya miaka hii ya tisini.

Alibanwa kifua akiwa wodini. Manesi wawili walikimbia, mmoja kumwita daktari, mwingine kutafuta oksijeni. Nilibaki peke yangu nimemshika mkono. Daktari alipofika, mume wangu alikuwa ameshakata roho.

Mwaka uliofuata nikaanza kuvimba miguu. Nikilala chali nakosa pumzi, jasho la baridi linanitoka. Wifi yangu akanipeleka hospitali ileile kwa baiskeli. Siku ya tatu asubuhi nikaona giza.

Yaliyofuata nilisimuliwa na wifi. Nesi yuleyule aliyekimbilia daktari siku ya mume wangu, safari hii hakukimbia. Alimtuma mwenzake, akanishusha kitandani na kunilaza sakafuni. Kwetu anayelazwa chini ni maiti. Wifi akaangua kilio.

"Mnamshusha nini? Hajafa!"

"Ndiyo maana namshusha, mama. Kitanda kinabonyea. Nipishe!"

Akanikandamiza kifua kwa mikono miwili, akihesabu kwa sauti, mpaka daktari akaja na sindano. Ubavu mmoja ulivunjika. Nilijikojolea. Nikapumua.

"Umenitia aibu, wifi," wifi yangu aliniambia baadaye. "Wodi nzima imeshanipa pole ya msiba."

Nesi alipokuja kubadilisha shuka, sikumshukuru. Nilimwuliza, "Mbona mume wangu hukumfanyia hivi?"

Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Sikujua, mama. Nilichojua ni kumwita daktari. Mumeo alipofariki, tuliomba tufundishwe. Tumejifunzia kwenye gunia la pumba."

Nakiri nilimchukia wiki kadhaa. Niliona kama amejifunzia kwa mume wangu, akanipa mimi faida yake.

Sasa ubavu umeunga. Nameza vidonge, chumvi nimepunguza, jembe nimewaachia wengine. Wewe unayevimba miguu, usingoje mavuno yaishe, nenda hospitali. Nanyi wakubwa wa hospitali, wafundisheni manesi wote, hata wa zahanati za ng'ambo ya mto kule Lupiro, tena warudie, maana mikono husahau. Huruma wanayo. Hata siku ile walipokimbia walikuwa nayo.

Namshukuru Mungu. Na yule nesi nilimfuata mwenyewe wodini nikamwambia asante. Nilichelewa sana kumwambia.