Kasuku Aliyesoma Nilichokifuta

Tii-ti! Simu ya mtu ikilia hivyo hata leo, masikio yangu yanapata moto, kwa sababu huo ndio mlio niliomchagulia Kasuku mimi mwenyewe, na kwa aibu iliyonipata sina wa kumlaumu.

Kasuku ni kompyuta chakavu (kifuniko chake nimekifunga kwa raba ya ndala, msicheke) niliyoifufua nyumbani kwetu Magomeni, hii ya huku kusini. Shule yangu iliishia kidato cha pili, haya mengine nimejifunza kwa kuharibu. Ndoto yangu ilikuwa habari za mtandaoni zimfikie kila mtu, hata asiyejua kusoma, hata asiye na simu wala bando. Basi nikamfundisha Kasuku kusoma kwa sauti ujumbe wa kundi letu la wanawake wa mtaa, tena kila ujumbe ausome mara mbili, kwa ajili ya bibi zetu wenye masikio mazito.

Halafu nikaongeza kijambo kimoja. Mjumbe wa mtaa aliwahi kutuandikia kwamba bomba litatengenezwa wiki ile ile, kesho yake akaufuta ujumbe, akakana kabisa. Nilikasirika! Nikasema neno ukishalitoa mbele za watu ni la watu, huna haki ya kulimeza tena. Nikamwekea Kasuku amri ya kuhifadhi na kusoma hata kilichofutwa. Sikumwambia mtu. Nilijiona mtetezi wa wanyonge.

Sasa kuna Somo yangu, Bi Mwanahawa, aliyenifunda nilipochezwa unyago. Yeye ndiye anayewafunda wasichana wa mtaa mzima, na neno lake la kwanza kwa kila mwali ni kwamba ya ndani yabaki ndani. Kila alasiri alikuwa anakuja kwetu na simu yake kwenye pindo la kanga, anakaa kwenye kigoda cha mlangoni. "Zai mwanangu, miwani nimeisahau tena, hebu nisomee." Miaka minne anasahau miwani. Nami nasoma, sikuwahi kumuuliza.

Siku hiyo wanawake walijaa uani kwetu kuandaa shughuli ya mwali mpya, mikono yote iko kwenye unga na mihogo, Kasuku yuko dirishani na spika kubwa niliyoiazima kwa wapiga muziki wa harusi (ile yangu ndogo ilitosha kabisa, lakini mimi nani anizuie). Binamu yangu Rehema, aliyeko Nanyamba, akaniandikia faraghani: nimemtumia Somo orodha ya vitu vya mwali, mbona hajibu, ananidharau? Nikamjibu upesi upesi kwa kidole chenye unga. Kutazama, nimejibu kwenye kundi! Nikafuta palepale, nikaangaza uani, hakuna aliyeshika simu, nikashusha pumzi, alhamdulillah.

Tii-ti!

"Ujumbe uliofutwa," akasema Kasuku kwa ile sauti yake ya kike isiyo na haya. "Zai anasema: usingoje jibu, Somo hajui kusoma, habari ya miwani ni uongo tu, mimi ndiye namsomea."

Nikaruka kumzima, nikashika kitufe cha spika, badala ya kupunguza sauti nikaongeza, na Kasuku, mtiifu wangu, akarudia. Nadhani walisikia mpaka kata ya jirani, Chikongola.

"Mashine mbovu!" nikapiga kelele. "Inajitungia maneno!"

Tii-ti! "Rehema anasema: ha, ha, ha, kumbe! Mbona hukuwahi kuniambia?" (Naye alijibu humo humo kwenye kundi; Kasuku akaisoma hivyohivyo, ha, ha, ha, bila kucheka.)

"Ehee!" akasema jirani yetu Bi Esha. "Redio mbao imepata betri!"

Hakuna aliyemchekea. Somo akaweka ungo chini taratibu, akajikung'uta unga, mwali mpya anamtazama.

"Zai, nilikufunda nini mimi?"

"Somo..."

"Basi. Usinijibu, isije ikasoma na hilo."

Akajitanda kanga yake, akaondoka. Nikabaki nimekumbatia spika kama mtoto mgonjwa.

"Kwani unadhani sisi tulikuwa hatujui?" mama akaniambia wageni walipotoka. "Miaka yote tunajua. Hatukusema tu."

Hapo ndipo nilipolia.

Nilikwenda kumwomba radhi na doti ya kanga mpya. Akanipokea vizuri, akasema, "Nimekusamehe, mwanangu." Mara simu yake ikalia kwenye pindo. Nikangoja. Hakuitoa. Wote wawili tukatazama mkeka mpaka ikanyamaza.

Mjumbe na bomba lake, bado nasema alitukosea. Lakini mjumbe na Somo si mtu mmoja, na mimi niliwapimia kibaba kimoja. Sitamtegea tena mtu yeyote sikio asilolijua. Ile amri nimeiondoa, spika ya watu nimeirudisha.

Alasiri ilipofika, mama akiwa sokoni, nilitoa kile kigoda cha Somo, kisichokaliwa tangu siku ile, nikakipangusa vumbi, nikakiweka mlangoni mahali pake, nikaingia ndani.