Njia ya Korongoni na Jiwe la Mdako

Likizo ya Desemba iliyopita nilimpeleka binti yangu akaone korongo ambalo nimemsimulia tangu hajajua kusoma. Tulipoupita mji wa Katoro akataka kufungua ramani ya simu, nikamwambia aizime, mama yake haelekezwi njia hiyo. Ukishaziacha kelele za bodaboda, unatafuta mashine ya kukoboa mpunga, kisha unashika barabara ya vumbi mkono wa kulia. Utapita majabali mawili yaliyoegemeana. Utavuka daraja la magogo, halafu utapanda kilima kirefu chenye miti ya mininga, na ukifika juu utaliona bonde lote kwa mpigo mmoja. Nilimwelekeza huku nikiendesha, nikakumbuka kwamba nilishawahi kumwelekeza mtu mwingine kwa maneno hayohayo.

Sisi tulikaa Ibadakuli, Shinyanga. Unaijua nchi ile ilivyo tambarare. Mto wetu ulikuwa mchanga karibu mwaka mzima, na kilima cha kujivunia kilikuwa kichuguu nyuma ya choo. Baba alikuwa na pikapu ya kubebea pamba. Msimu ukiisha anaifagia, anatupakia, tunakwenda kwa bibi, mama yake, ng'ambo ya Katoro. Kesho yake, bila kuulizana, safari ya korongoni.

Watoto tulisimama nyuma tumeshika bomba, vumbi likitupaka nyusi. Bibi alikaa mbele amepakata kibuyu cha maziwa mgando, wala hakukubali kukiweka chini, kwa sababu hakuziamini breki za mwanawe. Miguuni pake palikuwa na kikapu cha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga. Tukifika juu ya kilima baba anazima injini. Alitaka tuyasikie maji kabla ya kuyaona. Hata sisi wenye midomo mirefu tulitega masikio.

Kule chini mto ulipita katikati ya kuta za mawe, ukatuama hapa na pale kwenye mabwawa madogo. Tuliteleza juu ya mwamba wenye ukoga mpaka kaptula zikatoboka makalioni. Tulivua kambare, tukala furu, yale matunda ya porini, hadi ndimi zikawa nyeusi. Bibi alikuwa na jiwe lake bapa. Alikaa hapo na miguu majini kutwa nzima, akasema ndipo mahali pekee ambapo magoti yake humwacha apumzike. Mama yake alimwogesha hapo akiwa mchanga. Ombi lake kwa baba lilikuwa moja tu, kwamba siku miguu ikimshinda kabisa abebwe mgongoni, lakini aletwe.

Kabla ya kuondoka alitupanga kwenye lile jiwe. Kila mtu ageuze mifuko, akung'ute nguo, na kikapu kikung'utwe pia. Kokoto, konokono, jani, chochote cha mtoni kilibaki. Ndivyo walivyofanya watu wa kwao, na yeye hakuwa mtu wa kueleza mambo mara mbili. Akimaliza aliugeukia mto akasema, "Wabeja," yaani asante, ndipo tukapanda gari.

Mwaka niliokuwa darasa la nne niliokota jiwe dogo jeupe, la mviringo, zito kuliko umbo lake, na lenye chembe za manjano. Nililitaka kwa ajili ya mdako. Jiwe la kurusha likiwa zito linarudi mkononi vizuri, na mimi nilikuwa nimechoka kushindwa. Basi nikalitia shavuni. Bibi akaniuliza mbona kimya, nikamwonyesha kidole kwenye jino. Akanihurumia, akanipakata mbele pamoja na kibuyu chake.

Ibadakuli nikawapiga wote mdako. Jirani yetu mmoja, aliyekuwa akienda na kurudi machimboni, alisimama kututazama. Akaliomba lile jiwe. Akalilamba, akaligeuza juani, akalilamba tena.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hili umelitoa wapi?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza habari za safari zetu. Nilimweleza yote, mashine ya mpunga, majabali, daraja, mpaka pale baba anapozima injini. Nikamchorea na vumbini kwa kijiti. Akanishukuru, akanirudishia jiwe langu, nami nikajiona mtu muhimu juma zima.

Mwaka uliofuata baba alizima injini juu ya kilima kama kawaida. Tulichosikia ni makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Bonde lilikuwa limejaa maturubai na maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, na maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Siwalaumu wale watu. Walitoka kila pembe ya nchi kutafuta maisha, wakampa bibi shikamoo, na wawili wakamshika mikono kumteremsha. Jiwe lake lilikuwa limepasuliwa vipande. Alipoinama ili anawe miguu, kijana mmoja akamzuia kwa adabu.

"Bibi, usinawe hapa. Maji yana zebaki."

Bibi akavaa ndala zake. Kisha akatupanga palepale penye vipande, akatukung'utisha mmoja mmoja. Aliponifikia hakugusa mifuko. Alinishika kidevu, akaniita mama kwa kilugha chake.

"Fungua mdomo, mayu."

Nikafungua. Alitazama muda mrefu, halafu akanifuta midomo kwa ncha ya kanga yake na kuniachia. Hakumwambia baba wala hakunikumbusha kamwe. Magoti yalimtesa miaka sita mingine, akafa hajarudi korongoni, wala hakuna aliyembeba, maana hapakuwa na pa kumpeleka.

Daraja sasa ni la zege na mininga imeishia kwenye mihimili ya maduara. Wachimbaji wenyewe wamekwisha kuhama. Nilikuwa nimelibeba lile jiwe ndani ya kiberiti, nikikusudia kulirudisha majini, lakini mto ulishachepushwa na mashimo yamejaa uji wa kijivu. Nilizunguka huku na huku nikitafuta mahali ambapo bibi angepakubali. Sikupaona, na niliona haya kulitupa tu.

Jua lilipoinama nikamwambia binti yangu ageuze mifuko kabla ya kupanda gari. Akaigeuza, ikatoka punje moja ya karanga. Akaniangalia ngumi iliyofumbata kile kiberiti.

"Na wewe je, mama?"

Nikakitia kiberiti mfukoni. Nikawasha gari, tukaondoka na lile jiwe.