Git kwa ajili ya paka mwizi wa sambaza

Mchezo wetu ulikuwa wa kijinga kabisa, na niliupenda ajabu: paka mwizi anaruka juu ya mabeseni ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na maman muuzaji anamkimbiza na sapatu aliyoivua mguuni. Mimi niliandika paka. Mudogo yangu, anayeniita yaya kwa kuwa nilizaliwa kwanza, mwalimu wa hesabu kule Kamituga, aliandika maman, sapatu na mvua. Mimi niko Ibanda, yeye yuko kule, na ubovu wa barabara kila mtu anaujua. Kwa hiyo kazi yetu ilisafiri ndani ya flashi, mfukoni mwa mwenye pikipiki tunayemfahamu.

Tatizo, kila mmoja alinakili folda nzima juu ya ile ya mwenzake. Nilikuwa na "mchezo wa mwisho", "mchezo wa mwisho kabisa" na "mchezo wa mwisho USIGUSE". Siku moja nikafungua flashi, paka haruki tena. Kuruka kule kulinitoa jasho majuma mawili! Nikampigia simu nikiwa nimewaka.

"Umeniulia paka yangu!"

"Na wewe, yaya, nani alifuta mvua yangu mwezi uliopita? Nilinyamaza. Leo sinyamazi."

Nikamwambia hajui kazi. Akakata simu. Juma zima hakujibu hata salamu. Tangu utoto hatujawahi kumaliza siku tatu bila kusemezana, na niliogopa, nasema kweli. Mchezo ufe, sawa, michezo iko mingi. Mudogo niko naye mmoja tu.

Basi nikaanza kutafuta programu ya kutunza matoleo, ile inayokumbuka kila badiliko na nani alilifanya. Nilizihoji moja moja kama shangazi wanavyomhoji mchumba. Subversion, tabia nzuri, lakini ukitaka kuhifadhi kitu lazima kwanza uzungumze na seva fulani mahali fulani, na mtandao wa Kamituga unakuja ukipenda. Aksanti, rudi kwenu. Mercurial, mpole, haidai mtandao, karibu niseme ndiyo. Git, jamani, amri zake kali zile! Ila mwongozo wake mzima ulikuwa tayari kwenye kompyuta yangu, na ilikubali kuishi ndani ya flashi bila kulalamika. Kila mmoja anabaki na historia yote kwake, halafu zinaunganishwa. Zinaunganishwa! Nilicheza peke yangu jikoni mpaka maman yetu akauliza kama nimepata visa.

Nikatuma flashi pamoja na karatasi yenye amri sita, na chini nikaandika: "Unisamehe. Humu hakuna atakayefuta kazi ya mwenzake."

Ilirudi baada ya siku kumi. Kwanza nikasoma orodha ya mabadiliko yake, kila moja na ujumbe wake. "Mvua imerudi." "Maman anatukana sasa." "Paka ya yaya, nimeirudisha, iruke." Weh! Nilipiga kelele, majirani wakajua.

Nikaandika amri ya kuunganisha. Kila kitu kikapita, isipokuwa mstari mmoja. Git ikasimama palepale: mmegusa wote wawili mahali pamoja, chagueni wenyewe. Nikasema basi, tumeanza tena.

Nikafungua faili. Ulikuwa mstari wa majina ya watengenezaji, ambao hakuna aliyekuwa ameujaza. Upande wangu niliandika jina lake mbele, langu nyuma. Upande wake aliandika langu mbele, lake nyuma.

Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Nikampigia.

"Wewe iko mukubwa," akasema, sauti yake ikitetemeka kwa kicheko. "Wewe mbele."

"Mukubwa ndiye anaamua. Nimeamua: wewe mbele."

Nikaweka lake mbele, nikahifadhi, nikatuma flashi. Iliporudi, jina langu lilikuwa mbele, na ujumbe: "Nilikuambia." Nikaugeuza ule mstari. Akaugeuza. Leo asubuhi nimeugeuza tena, na mpaka sasa hatujasikilizana.